Haski Wangu na Ukuta wa Mawe ya Volkano

Mutu asinifundishe habari za ukuta. Nilifika Goma nikisukuma makabichi ya Kibumba juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, sina viatu. Shule niliiacha kabla sijajua kugawanya. Leo nina depo ya mbao, nina nyumba hapa Katoyi, na nina ukuta wa mawe ya volkano ambao hata lori likiugonga, ni lori litakalolia. Niliujenga kwa mikono yangu. Fundi nilimuita kunyoosha kamba tu, na hata kamba yenyewe aliinyoosha vibaya.

Huo ukuta ndio ulioshindwa na mbwa.

Binti yangu anaishi Kampala. Alinipigia simu: "Papa, umezeeka, nakutumia walinzi." Nikadhani ni watu. Nilipofika Bunagana kuwapokea, nilikuta wanaume wa duane, wale wa ushuru wa mpaka, wameacha kazi yote, wamechuchumaa, wanapiga picha na mbwa wawili wenye manyoya kama mablanketi, dume na jike, macho ya buluu. Ni haski, binti aliniambia kwenye simu, mbwa wa nchi za barafu, kazi yao ni kuvuta mizigo juu ya theluji. Nikamuuliza: na mwizi akiingia, watamuvuta pia? Alicheka. Ningepaswa kuelewa pale pale.

Maana haski halindi kitu. Mutu wasiyemujua akiingia, wanamulamba mukono na kumusindikiza hadi kwenye nyumba. Mbwa wetu wa hapa ukimupa fufu na vichwa vya samaki, analala mbele ya mulango, ameridhika na dunia. Haski akishashiba ndipo anaanza kuwaza safari.

Dume hana akili. Alitaka kutoka kwa kuchimba. Chini ya Katoyi hakuna udongo, ni volkano iliyoganda. Shimo la choo tulilivunja kwa nyundo na vyuma, tukatukana mpaka maneno yakaisha. Yeye alichimba kwa kucha hadi zikatoka damu, kisha akalala. Jike alikuwa amekaa pembeni, anamutazama tu. Halafu asubuhi moja tukamukuta jike barabarani.

Kwanza nilimulaumu muke wangu. Portaye yetu, lango la barabarani, ina kamulango kadogo ka kupitia watu, na wageni wa Goma wakishaingia wanajua kusalimia, kufunga hawajui.

"Uliacha wazi," nikamwambia.

"Muzee, nilifunga."

"Basi mbwa alipita wapi? Kwenye tundu la ufunguo?"

"Umuulize yeye. Si uko na imbwa ya kusoma?"

Nikanunua kadena, kufuli nzito. Mbwa akatoka. Nikaongeza kadena nyingine. Wamama wa sala wakaja, wakabaki wamesimama nje wakiimba ili tuwasikie, na jike akawapokea huko huko barabarani, mukia unapepea. Nikamufunga kamba. Sasa haski habweki, analia, sauti ndefu ya matanga, mpaka watu wa avenyu, huu mutaa wetu, wakaanza kuingia na nyuso za huzuni kuuliza nani amekufa. Nikamufungua. Ningefanya nini?

Nyuma ya ukuta wangu anakaa mama mumoja wa upande wa Bukavu, mujane, anafuga simbiliki, vile vinyama vidogo visivyo na mukia. Ndiyo nyama ya wajukuu wake. Asubuhi nyingine nikasikia sauti yake imepita juu ya mawe:

"Papa! Kuya hapa! Kuya uone kazi ya imbwa yako!"

Nilikwenda. Kibanda kimepasuliwa, manyoya kila mahali, na jike amelala katikati, ameshiba, anapepea mukia kwa furaha ya kuniona. Niliona haya mbele ya watu wote, mimi ambaye kwenye avenyu hii hakuna aliyewahi kunidai kitu.

Simbiliki nilizirudisha, tena za kuzaa, dume na majike. Lakini nyumbakumi wetu, yule anayeangalia amani ya nyumba zetu, alikuja na vijana wa avenyu nyuma yake. Hakukubali hata kiti.

"Muzee, tunakuheshimu. Imbwa hatuiheshimu. Kesho itakuwa mutoto wa mutu. Ikionekana inje tena, hawa vijana wataimaliza, na usije kwangu kulia."

"Nimesikia," nikasema.

"Na ile macho yake!" kijana mumoja akaongeza. "Ile haiko imbwa, ile ni muzungu."

Nilikuwa nimekwisha kumupenda yule jike. Kwa nini, sijui, hana faida. Nikasema nitamuchunga mwenyewe. Kesho yake asubuhi nikaweka kiti uwanjani, chai mukononi, macho kwenye portaye.

Nilikuwa naangalia pabaya. Nilisikia kucha zikikwaruza mawe nyuma yangu. Nikageuka. Jike alikuwa anapanda ukuta wangu kama mama anayepanda kutoka ziwani na ndoo, polepole, jiwe baada ya jiwe, hana haraka. Nilimwaga chai, nikaruka kumushika mukia, nikabaki na manyoya. Alinitazama mara moja kutoka juu, akashuka upande wa pili.

Nilikimbia na kandambili, moja ikabaki njiani. Nilipofika kwa mama wa simbiliki, vijana walikuwa wameshamuzunguka kwenye kona ya kibanda, na fimbo, na mawe. Jike alidhani ni mchezo. Aliinamisha kifua chini, matako juu, akiwaomba wamukimbize.

"Mungoje!" nilisema. Hakuna aliyegeuka.

Mama ndiye aliyepita katikati yao, mwiko wa fufu mukononi.

"Hapa kwangu hapana. Mutaua imbwa, halafu damu yake nani ataosha? Nyinyi?"

"Lakini mama, imekula mali yako!"

"Imekula yangu, haikukula ya mama yako. Mutoke." Kisha akanigeukia. "Na weye papa, unionyeshe penye inapitia. Leo. Maana kesho sitakuwa nyumbani."

Nilimubeba jike mabegani kama mbuzi, na avenyu nzima ikafuata. Mama hakuwa amewahi kuingia uwanjani kwangu. Alisimama mbele ya ukuta, akaangalia juu, akaangalia chini, akaanza kucheka hadi akashika kiuno.

Mniruhusu nieleze. Upande wa nje niliupaka simenti, laini kama sahani, mwizi hapati hata pa kushika kidole. Upande huo ndio watu wanaona. Upande wa ndani niliacha mawe matupu, na mengine niliyaacha yametokeza makusudi, ili siku nikijenga vyumba vya watoto wangu, kuta zishikane. Hivyo ndivyo tunavyojenga hapa, kila mutu.

"Papa," mama akasema, "mwizi ulimujengea ukuta. Imbwa ukaijengea ngazi."

Vijana walicheka na fimbo zao zikashuka. Nyumbakumi hakucheka. Alisema mbwa akae ndani ya nyumba mpaka ukuta uwe tayari, na kwamba ataupima yeye mwenyewe.

Nililaza jike katika chumba changu. Alikula godoro. Muke wangu alihamia kwa dada yake, akasema atarudi mimi na mbwa tukishaamua nani ni bwana wa nyumba. Nilichukua nyundo nikavunja yale mawe yaliyotokeza, moja moja. Kila moja lilikuwa chumba cha mutoto fulani. Watoto wenyewe wako Kampala na kwingine, hawajauliza habari za vyumba. Nikachanganya simenti, nikapaka kuanzia chini mpaka mukono usipofika, na juu nikapinda mabati yaelekee ndani. Kiuno changu hakijanyooka tangu siku hiyo.

Nyumbakumi alikuja na mufupa wa ng'ombe. Alisimama kwa mama wa simbiliki, upande mwingine wa ukuta, akaugonga mufupa kwenye jiwe na kuita kwa sauti tamu ambayo mimi sijawahi kuisikia kutoka kwake. Jike alikimbia, akaruka, akateleza. Akajaribu kwenye kona. Akateleza. Akarudi nyuma hadi kwenye portaye, akaja kwa nguvu yote, kucha zikachora simenti yangu mupya kutoka juu hadi chini, akaanguka kwa matako.

"Bado iko ndani?" nyumbakumi aliuliza kutoka nje.

"Iko ndani."

"Basi ibaki."

Jike akaketi chini ya ukuta, akainua shingo, akaanza kulia ile sauti ya matanga, na dume akamusaidia. Mama wa simbiliki akapiga kelele kutoka kwake kwamba tunamuua masikio. Nikamujibu avumilie. Nikaenda kuketi chini karibu na jike, nikamuambia anyamaze, hakunyamaza.