Pua ya Baba Mdogo na Chupa za Saladi

"Pua yangu ina diploma, tena imemaliza," baba mdogo alitangaza kwenye mkutano wa wakulima, kipaza sauti mkononi, jicho likinitafuta mimi niliyeacha chuo katikati. Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka. Angalau kuna mmoja kwenye ukoo aliyehitimu, hata kama ni pua.

Kazi yake ni kutibu udongo. Nyanya zikidumaa na kunyauka mchana ilhali maji zinapata, mtu anang'oa mche na kukuta mizizi imejaa vinundu, kama shanga zilizotungwa na mlevi. Hao ni minyoo fundo. Ni wadogo kiasi kwamba ukiwatafuta kwa macho utaishia kumsingizia jirani. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, lakini mgeni huyu ukimpa jembe umemsambaza shamba zima. Hapo ndipo anaitwa baba mdogo.

Anachanganya punje nyeupe za dawa na udongo uliolowa, anafunika tuta kwa nailoni, anakandamiza kingo. Humo chini punje zinageuka gesi, na minyoo inakufa. Shida ni kwamba gesi haina ubaguzi: mche ukiingia kabla haijatoka, nao unakwenda. Kwa hiyo nailoni ikishafunuliwa na udongo kupinduliwa, lazima mtu aseme gesi imeisha. Msemaji alikuwa baba mdogo, na kipimo chake kilikuwa pua. Alivaa barakoa wakati wa kumwaga dawa, halafu akaivua ili anuse, kama dereva wa pikipiki anayevaa kofia ngumu akiwa ameegesha. Maelezo ya kwenye kopo la dawa yanasema pima kwa mbegu za saladi ndani ya chupa: zikiota, gesi imeisha. Yeye aliuita huo mchezo wa watoto.

Mwaka jana akapata mafua mabaya. Homa ikaondoka, pua ikabaki mahali pake kwa ajili ya kupendezesha uso. Hakumwambia mtu.

Wakati huo alikuwa na tuta la Mama Miche, mwanamke anayeishi kwa nyanya za kitalu chake kimoja. Msimu uliotangulia minyoo ilimfilisi. Safari hii miche yote aliyokuza kwenye trei ingeingia hapo, na mingine hakuwa nayo. Baba mdogo alifunua, akapindua, akachota udongo, akaunusa macho yamefumba, kama anayeonja mchuzi wa mkwe.

"Safi. Kesho panda."

Asubuhi yake maziwa yaliungua nyumbani hadi mimi niliyekuwa uani nikakohoa. Baba mdogo alijimiminia, akanywa, akaomba mengine.

"Maziwa yakoje, mume wangu?" mama mdogo akauliza.

"Matamu."

Mama mdogo hakubishana. Aliingia jikoni akarudi na kitambaa. "Kuna sabuni mpya ya nguo nimenunua. Hebu nusa."

Akanusa taratibu, kitaalamu. "Ina waridi kwa mbali."

"Ni mafuta ya taa."

Baba mdogo akakitazama kitambaa kana kwamba ndicho kilichomtukana.

"Yule mama wa watu umemwambia apande lini?"

"Leo."

"Sasa unasubiri nini, waridi lichanue?"

Alitoka na kikombe mkononi. Kitalu kiko nyuma ya mtaa wetu, nami nikafuata. Jambo kama hilo mtu hahadithiwi. Trei zilikuwa zimepangwa kando ya tuta, vibarua wawili wanatoboa mashimo kwa vijiti.

"Acheni kwanza," akasema.

"Vipi, Fundi?" Mama Miche akauliza. "Pua imebadili mawazo?"

"Nimeamua kuboresha huduma."

"Huduma gani tena, na miche iko juani?"

Baba mdogo akaitazama miche. Ilikuwa imesimama vizuri, mibichi, haina habari. "Mama, mimi sisikii harufu. Tangu yale mafua. Jana nilinusa hewa tu."

"Sasa macho uliyafumba ya nini?"

"Mazoea."

Mama Miche akaamuru trei zirudi kivulini. "Nilidhani nalipia dawa," akasema. "Kumbe na maigizo yamo."

Zikaletwa chupa mbili za jemu. Moja ikatiwa udongo wa tuta, nyingine udongo wa njiani ambako dawa haikufika. Mbegu za saladi juu, mifuniko ikakazwa. Baada ya siku chache chupa ya njiani ilikuwa kijani. Ya tuta, mbegu zimelala vilevile zilivyomwagwa.

Mama Miche alizitazama chupa, akazitazama trei. "Ningezika zote," akasema polepole. Baba mdogo akachukua jembe.

Tuta likapinduliwa upya, bila kuchimba zaidi ya pale dawa ilipofika, wasije wakapandisha minyoo iliyosalimika chini. Wakapima tena. Safari hii saladi ikaota chupa zote mbili, na Mama Miche akapanda. Mavuno yalipoisha aling'oa shina, akaliosha kwenye ndoo, akampelekea baba mdogo nyumbani. Mizizi ilikuwa myeupe, minyoofu, kinundu mpaka ukitafute. Mama mdogo akaitundika sebuleni kwa wiki nzima, na wageni wakalazimishwa kuisifu.

Siku hizi baba mdogo anatembea na chupa zake kwenye kikapu, na barakoa haivui. Mbegu anataka mteja anunue mwenyewe, ili asiwepo wa kusema fundi kaleta zinazoota popote. Duka la pembejeo wanauza pakiti ndogo ya saladi. Ni mia tano.