Zamu ya Sindano

Juzi, kwenye dirisha la dawa la serikali ya Waingereza hapa mjini Arusha, dresa, yule msaidizi wa daktari, alimuuliza mzee mmoja, mzaliwa wa kijiji cha Kikwe, kama anachoma sindano yake ya sukari kila siku.

"Tunachoma," akajibu.

"Wewe na nani?"

"Na mpangaji mwenzangu, naye ana sukari. Dawa ni ghali, mwanangu, tunanunua chupa moja. Leo yeye, kesho mimi, kama zamu ya maji ya mfereji wa kumwagilia migomba kule nyumbani."

Dresa akashika kichwa. "Mzee, wewe si mgomba! Kamlete huyo mwenzako sasa hivi!"

Mzee akavua kofia. "Tulimzika jana. Nimekuja kuuliza kama zamu yake naweza kuichukua."

Waingereza wa Bomani wanatuhubiria kila siku tujifunze ushirika. Waje hapa dirishani wauone.