Mama Mizani na Gunia Lililopotea

Ukifika Kongwa ukamuulizia Ruthu Chidawali, huenda ukazungushwa asubuhi nzima. Muulizie Mama Mizani, utapelekwa hadi mlangoni, na njiani utasimuliwa habari zake zote, za kweli na za kutiwa chumvi. Watakuambia haendi sokoni bila mizani mkobani, jambo ambalo ni uongo. Watakuambia aliwahi kumfunga mdomo muuza nyama kwa robo kilo iliyopungua, na hilo ni kweli tupu.

Kazi yake hasa ni kupima mavuno. Kwa misimu kumi na saba amefanya kazi na watafiti wa mbegu wanaotoka Dodoma mjini. Wao hufika na gari, hupanda mbegu mpya kwenye mashamba ya wakulima, hupiga picha, huondoka. Ruthu hubaki. Mtama ukishapurwa na kupepetwa, hutundika mizani yake ya kulabu, hupima gunia, hutoa uzito wa gunia tupu, kisha huandika daftarini kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa na mwalimu mwenye fimbo. Shule aliishia darasa la saba. Lakini Profesa Ludovick, bingwa wa mtama anayealikwa kuzungumza hadi ng'ambo, huwaambia wanafunzi wake kwamba anaweza kuitilia shaka mvua, na hata macho yake mwenyewe, ila si daftari la Mama Ruthu. Maneno hayo yalimfikia Ruthu, na tusimfichie: yalimlevya kidogo.

Kwa hiyo mwaka ule wa mbegu mpya aliumia kimya kimya. Mbegu hiyo ilikuwa imejaribiwa misimu mitatu katika mashamba ishirini. Kila mkulima alipanda nusu eka ya mbegu mpya na nusu eka ya ile ya zamani. Mpya ilikomaa wiki tatu mapema, na ilijaa shambani hata Mzee Elieza, mkulima mwenye ulimi mkali kuliko wembe, akakosa la kukosoa. Lakini daftarini mambo yalikuwa mengine. Magunia manne kwa mbegu mpya, magunia manne kwa mbegu ya zamani. Ruthu alipima upya mara mbili, akapata yale yale.

Namba hizo zikibaki hivyo, Profesa angetangaza kwenye mkutano wa watafiti wa mwezi wa kumi na moja kwamba mbegu mpya haina faida, iwekwe kando. Wakulima wasingeipata kwa mvua za Desemba. Na Kongwa, mahali ambapo mvua huweza kukatika mwezi wa pili bila hata kuaga, wiki tatu ndizo tofauti ya kushiba na kulala njaa.

Ruthu alialikwa kwenye mkutano huo, kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye bango la utafiti, la mwisho chini kabisa, lakini limeandikwa. Alifikia kwa binti wa dada yake, Area D, Dodoma mjini. Asubuhi yake alipanda bajaji akiwa amevaa kitenge kipya kilichokuwa bado kinakwaruza.

Siku ile ya kwanza haikuwa ya mkutano wenyewe. Profesa Ludovick alikuwa na desturi yake: siku moja kabla ya kuwasilisha, huwaita watu wake na wataalamu wachache wa kwingine, huonyesha kazi yote, kisha kila mmoja huipiga nyundo. Hakuna kutoka ukumbini bila kuuliza swali, hata dereva.

"Afadhali tuchanwe leo na ndugu," alisema, "kuliko kesho na wageni."

Ruthu alidhani ni maneno ya adabu tu. Kumbe! Erica, mtafiti kijana aliyekuwa akiwasilisha, hakumaliza hata picha ya tatu kabla ya kukatizwa. Wakabishana juu ya mvua, wakabishana juu ya udongo. Daktari Hamida, mtaalamu wa takwimu kutoka Morogoro, mwanamke mdogo wa umbo mwenye sauti ya kengele, alimgeukia Profesa mwenyewe akamwambia, "Hapo mchoro wako unatudanganya." Ruthu alishika kiti kwa mikono miwili. Alikolelewa yeye, mkubwa hakosolewi mbele za watu. Unasubiri jioni, unamtafuta rika lake, unampa yeye ujumbe aupeleke kwa mzunguko. Lakini Profesa alicheka, akaandika kwenye karatasi, akasema asante. Punde si punde alikuwa anamsogezea Hamida sahani ya karanga.

Hamida alikula karanga mbili, akarudi vitani.

"Mwezi wa tano mlihesabu masuke shambani. Kwa hesabu hiyo, nusu eka ya mbegu mpya ilitakiwa itoe magunia matano. Daftari linasema manne. Mbegu ya zamani mlihesabu manne, yakatoka manne. Sasa naomba mnijibu, gunia moja la mbegu mpya limekwenda wapi? Tena kila shamba, kila mwaka?"

Mmoja akasema ndege. Erica akajibu kwamba kwelea hachagui mbegu. Mwingine akasema wezi. Wa tatu, kijana wa nyuma asiyejua nani yuko chumbani, akasema huenda aliyepima alikosea.

"Mama Ruthu hakosei," alisema Erica.

Watu wakageuka kumtazama Ruthu kwa heshima. Yeye alitazama chini. Sifa ile ilimchoma kuliko tuhuma.

Wakati wa chai aliacha sambusa yake mezani, akatoka hadi ngazi za nje, akampigia simu Mzee Elieza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeshawaona hao wakubwa? Wamekupa kuku?"

"Wametupa sambusa. Mzee, siku uliyovuna ile mbegu mpya, kuna aliyekuibia?"

"Aniibie saa ngapi, na shamba limejaa watu? Walikuja kumi na wawili kunisaidia. Mtama wao ulikuwa bado mbichi, walikuwa wamekaa tu."

"Na ule wa zamani?"

"Ule nilivuna na mke wangu, mgongo ukakatika. Wakati ule kila mtu yuko kwake anavuna."

"Na hao kumi na wawili..."

"Hao nini? Kila mtu nilimpa kapu lake, kama kawaida. Mbona unauliza kama mgeni? Lako wewe nilishindilia mpaka ukalalamika shingo!"

Ruthu alikaa chini pale pale, kitenge kipya na vumbi lote.

Kwao, anayekuja kukusaidia kuvuna haondoki mikono mitupu. Jua likianza kushuka, mwenye shamba humjazia kapu la masuke, naye huenda nalo kwake. Kapu hilo halipimwi. Mama yake Ruthu alimfundisha tangu hajaota meno ya pili kwamba kupima zawadi ni kumwambia mtoaji kuwa ni bahili na mpokeaji kuwa ni mwizi. Basi Ruthu, aliyepima kila kitu kinachopimika katika wilaya, hakuwahi kuyapima makapu hayo. Hakuyaficha wala hakuyasahau. Hayakuwahi kumjia akilini kama mavuno. Yalikuwa shukrani.

Alipiga hesabu kwa vidole. Kapu moja likipurwa, kilo nane hivi. Watu kumi na wawili. Kilo tisini na sita. Gunia lile hapo! Mbegu mpya ilikomaa mapema, kwa hiyo iliwakuta majirani hawana kazi, wakaja wengi, makapu yakawa mengi. Ya zamani ilikomaa pamoja na mashamba ya wote, hakuja mtu, halikutoka kapu. Na yeye mwenyewe alikuwepo mashamba yote ishirini, misimu mitatu, kila mahali amepewa kapu lake. Ushahidi aliokuwa anautafuta Daktari Hamida, Mama Mizani alikwisha kuusongea ugali.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Elieza hasomi makala za watafiti. Misimu kumi na saba ya sifa ingebaki salama, na jina lingebaki kwenye bango. Akikiri, kuanzia kesho angekuwa mama fulani wa Kongwa aliyewaharibia wasomi kazi ya miaka mitatu. Aliogopa. Lakini Desemba haikuwa mbali, na kule nyumbani watu walikuwa wanasubiri mbegu. Mficha uchi hazai, alijiambia, akajipangusa vumbi, akaingia.

Walipoanza tena, alinyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu. Mmesema kila mtu aulize. Mimi sina swali, nina jibu. Gunia mnalolitafuta nalijua. Tuligawiwa. Na mimi nimelila."

Akaeleza yote, kuanzia majirani wasio na kazi hadi kapu lililomuumiza shingo, na alipofika kwenye ugali sauti ilimkwama.

"Kosa ni langu," alimaliza. "Kama ni kulifuta jina kwenye bango, lifuteni."

Profesa Ludovick alivua miwani akaifuta muda mrefu.

"Mama Ruthu," alisema, "mwaka juzi nilikuja kwa Mzee Elieza siku ya kuvuna. Nilikata masuke kumi, nikapiga picha. Jioni nikapewa kapu. Nililipakia kwenye gari la utafiti, nikampelekea mke wangu, akafurahi sana. Mimi ni profesa wa mtama. Sikujiuliza."

Kicheko kilichofuata kilileta wahudumu mlangoni. Hata Hamida alijifuta machozi. Ruthu naye alijikuta anacheka, kifua kikifunguka, na hapo ndipo alipoamini kwamba karanga za asubuhi hazikuwa maigizo. Watu hawa kweli waliweza kuambiana makosa wakabaki kula sahani moja.

Erica alirukia simu. "Tuwapigie wakulima wote sasa hivi! Tuwaulize walitoa makapu mangapi, tujumlishe, kesho tutangaze mbegu imeshinda."

"Hapana," alisema Hamida. "Ukimuuliza mtu alitoa zawadi ngapi, kila mwaka zinaongezeka. Huo si upimaji."

"Lakini jibu tunalijua!"

"Tunalidhania. Kulijua ni mpaka mpime."

Wakabishana mpaka chakula cha mchana. Ruthu alitamani Erica ashinde, lakini moyoni alikubali kwamba Hamida alisema kweli. Mwisho Profesa akaamua: kesho hawatasema mbegu imeshindwa, wala hawatasema imeshinda. Watasema walichosahau kupima. Majaribio yataongezwa msimu mmoja, na mbegu itarudi kwenye mashamba ishirini kabla ya mvua.

"Na atakayesimama kueleza," aliongeza, "ni Mama Ruthu."

Alisimama kweli. Watu mia mbili, taa usoni, kipaza sauti kinachokoroma. Alieleza kama alivyoeleza jana, ila kwenye ugali hakukwama. Wakati wa maswali, alinyanyuka bwana mmoja mtafiti wa alizeti kutoka Singida.

"Sina swali," alisema. "Kwetu wanaosaidia kuvuna hupewa ndoo." Akakaa, akafungua kompyuta yake na kuanza kuhesabu. Safu nzima aliyokaa ikafungua kompyuta.

Nikuambie mapema ili usikae na wasiwasi: gunia lile lilionekana. Msimu uliofuata Hamida alihesabu mwenyewe, akabisha wiki mbili, akaishiwa ubishi. Mbegu mpya ikapita, na makala ilipotoka jina la Ruthu lilikuwa ndani. Lakini kufika hapo ilibidi kwanza makapu yapimwe, na hilo halikuwa jambo dogo.

Ilikuwa mwezi wa tano, shambani kwa Elieza, jua linashuka. Wavunaji walikuwa kumi na watano. Erica alikuwa ameshika daftari. Ruthu alitundika mizani kwenye miti mitatu iliyofungwa pamoja, akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akaeleza kwamba leo kila kapu litapita hapo kabla ya kwenda nyumbani. Wakamsikiliza kwa adabu. Kisha hakuna aliyesogea. Wanawake walishika makapu yao kana kwamba yana watoto ndani.

"Ruthu," alisema Mzee Elieza taratibu, "unataka kuipima shukrani yangu mbele za watu?"

Alihisi aibu ikimpanda hadi masikioni. Mama yake angesema nini?

"Ndiyo, mzee. Tusipoipima, wataandika kwamba shamba lako halikuwa na kitu."

"Basi anza na lako."

Ruthu alilishusha kapu lake kichwani, akalitundika. Mshale ukacheza, ukatulia. Alisoma kwa sauti, kila mtu asikie. "Ruthu Chidawali, kilo kumi na moja." Erica akaandika. Mwanamke mmoja akacheka, akasogea na lake, na mwingine nyuma yake.

Mzee Elieza alikuwa bado ameutazama mshale.

"Hizo kilo zitaandikwa?"

"Zitaandikwa, mzee. Zitasomwa hadi ng'ambo."

"Kwamba Elieza alimpa Ruthu kumi na moja?"

"Kumi na moja."

Mzee alifikiri kidogo, akainama kwenye rundo lake, akachota masuke mikono miwili, akayashindilia juu ya kapu la Ruthu.

"Pima tena," alisema.