Makelele ya gitare yetu

Bandugu, kumbe mi njo napasua nyumba ya tata!

Leo nilibawekea bazazi album ya groupe yetu.
Gitare zinalia nguvu, sauti zinazunguka mu kichwa.

Tata: «Hii ni moulin inasaga mawe.»
Mama: «Ni muziki ya bashetani.»

Saa sita, mine, kule banachimba mawe karibu na kwetu, ikalipua baruti, kama kila siku.
Vikombe bikaanguka. Plafond kule juu ikamwanga vumbi. Ufa ya ukuta ikarefuka.
Hakuna mutu aliinua macho.

Mama akakamata fagio. Anafagia, anaimba…
Refrain yetu! Ile ya bashetani!

Nikacheka.
Tata akaangalia ufa, akaniangalia:
«Zima makelele yako, mutoto. Ukuta yangu inapasuka.»

Nimezima.

Ile ya mine, nani ataizima? Munijibu.