Mbuzi Arobaini wa Maalim Alio

"Nipeni mtu aliyefungwa jela, pamoja na viunganishi vinne vya Kiingereza," Maalim Alio alitamka kwenye maikrofoni siku ya kutoa zawadi, mbele ya wazazi mia tatu, chifu, na mbuzi mmoja aliyeingia bila mwaliko, "nami nitamtoa kabla ya sala ya adhuhuri!"

Wazazi wakapiga makofi. Mbuzi akaondoka zake. Baadaye kuna waliosema mbuzi ndiye pekee aliyeisikiliza hotuba vizuri, lakini hayo yalisemwa mambo yalipokwisha kuharibika.

Kusema haki, Alio alikuwa na sababu ya kujigamba. Alishuka mjini kutoka Takaba na sanduku la bati na cheti cha kidato cha nne, bila namba ya mwalimu wa serikali, akapanga chumba cha mabati mtaani Waberi, akatia ubao na mabenchi sita. Miaka kumi na minane watoto wa watu walibanana humo baada ya alasiri, kwenye joto la kuivisha mkate, wakifundishwa Kiingereza cha mtihani. Silaha yake ilikuwa karatasi moja tu. Upande wa kwanza kulikuwa na viunganishi kumi na viwili, vimepangwa mstari kama askari wa gwaride: although, moreover, nevertheless, consequently, na ndugu zao. Upande wa pili kulikuwa na maneno na uzao wake: honest, honesty, dishonest, dishonestly.

"Neno la Kiingereza ni ngamia jike," alizoea kuwaambia. "Mtunze, atakuzalia boma zima."

Aliyeikariri karatasi ile alifaulu. Hata aliyekuwa hajui Kiingereza alifaulu, na huo ndio uliokuwa ubora wake.

Sifa zikamtoa darasani. Watu wakaanza kumletea barua: ya basari, ya kazi ya ulinzi, ya kumlilia afisa fulani. Mwishowe zikaja za vitambulisho, na hapa kuna jambo ambalo mtu wa Nairobi huelezwa mara tatu. Mwaka ule wa ukame mkubwa, mifugo ilipolala chini ikakataa kuamka, kina mama wengi, Wakenya wa babu na babu, waliwabeba watoto wakaenda kambini Dadaab kujiandikisha kama wakimbizi. Mkimbizi alipewa unga na mafuta. Raia alipewa pole. Watoto wakaweka vidole kwenye mashine, wakala, wakaishi. Lakini mashine haisahau. Sasa wamekuwa watu wazima, wanaomba kitambulisho, na kompyuta inawajibu kwamba wao ni wageni.

Mmoja wao alikuwa Nimo, binti wa Saado, dada yake Alio wa tumbo moja. Mwaka wa ukame alikuwa na miaka saba. Sasa ana ishirini na mbili, amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na chuo kimempa hadi mwisho wa mwezi aripoti, kitambulisho mkononi. Kamati ya uhakiki ilikuwa ikae Jumanne ya wiki ile ya mwisho. Kila mzazi alitakiwa alete maelezo yake kwa maandishi: alikuwa akiishi wapi, alipoteza nini, na kilichompeleka kambini ni kitu gani.

Saado akaja kwenye chumba cha mabati na binti yake, akakaa kwenye benchi la watoto, magoti yamefika kidevuni.

"Andika nilikuwa na njaa," alisema.

"Dada yangu, njaa si Kiingereza cha ofisi."

"Basi walikufa kwa Kiingereza gani?"

Nimo alicheka. Alio hakucheka. Alishika kalamu akaanza: Although I am a citizen by birth... Aliandika kama mtu anayemwaga maji kutoka kwenye mtungi aliouzoea. Akaandika kwamba kwao ni Takaba, akafika mahali pa mifugo.

"Mlikuwa na mbuzi wangapi?"

Saado akageuza uso, akatazama ubao.

"Saado. Wangapi?"

"Mbuzi hawatajwi hesabu, Alio. Umekaa mjini mpaka umesahau?"

"Hao wamekufa miaka kumi na tano iliyopita!"

"Waliokufa ndio zaidi. Nina wanne nyumbani hivi sasa. Unataka niwafungulie mlango wa jicho la husuda?"

Alio hakushangaa. Mwezi ule alikuwa ameandika barua kumi za namna hiyo, na kina mama kumi walikuwa wamegeuza uso vilevile. Mfugaji wa kwetu atakuambia mkewe anaumwa nini, lakini hatakutajia idadi ya wanyama wake. Sasa ofisi inataka idadi, mama hataki kuitaja, na aya haiwezi kukaa wazi. Kwa hiyo tangu barua ya kwanza Alio alikuwa ameandika arobaini. Arobaini ilimpendeza, ilikuwa hasara nzito isiyo na majivuno. Akaandika tena arobaini, na punda wawili.

"Abti, barua ni ileile uliyomwandikia mama yake Deka?" Nimo aliuliza, akichungulia begani kwa mjomba wake.

"Mfupa mmoja, nyama mbalimbali," alijibu. "Wewe nenda ukanunue viatu vyeupe vya uuguzi."

Jumanne wakaingia ukumbini. Mbele walikaa wazee watano wa kamati, na kando yao karani, kijana mwembamba aitwaye Yahye, ambaye miaka sita nyuma alikaa benchi la tatu kwenye chumba kile cha mabati. Alio alipomwona akafurahi, akadhani amepata mtu. Kweli alikuwa amepata mtu.

Yahye aliisoma barua ya Saado polepole. Akaiweka mezani. Akavuta nyingine kwenye faili, halafu nyingine, mpaka zikawa kumi na moja. Hakuwa na chuki usoni. Alikuwa na uso wa mwanafunzi aliyeona swali alilolifanyia mazoezi.

"Mwenyekiti," alisema, "hizi zote zinakwenda kwa mpangilio mmoja. Ndivyo tulivyofundishwa na Maalim, naukumbuka. Lakini hilo si kitu. Tazama hapa. Mbuzi arobaini, punda wawili. Na hapa. Na hapa. Kina mama kumi na moja, kila mmoja mbuzi arobaini, punda wawili."

Mzee mmoja aliangua kicheko. "Ukame ulikuwa na kipimo! Ulikuwa ukihesabu!"

Ukumbi mzima ukacheka. Mwenyekiti akangoja wanyamaze, kisha akamgeukia Saado. "Mama, ulikuwa na mbuzi arobaini?"

Saado hakujua barua ilisema nini. Alimtazama kaka yake. Alio alitazama viatu vyake mwenyewe.

"Mama, nakuuliza."

Wanaume watano, karani, na watu zaidi ya hamsini nyuma yake. Saado alivuta shungi mpaka kwenye nyusi, akasema, kwa sauti ya mtu anayevua nguo mbele za watu, "Kumi na saba."

Na kwa kuwa alikwisha kuvunja mwiko, akaendelea. Mweupe mwenye sikio jeusi. Kahawia na mwanawe. Yule kilema aliyekuwa na maziwa kuliko wote. Akawataja mmoja mmoja, kwa rangi na kwa siku aliyokufa, mpaka wakatimia kumi na saba, na hakuna aliyecheka tena.

"Nakuamini, mama," mwenyekiti alisema. "Lakini kwenye faili siweki unayosema. Naweka karatasi, na karatasi ni ya uongo. Kama mbuzi ni wa kubuni, nitajuaje kwamba Takaba si ya kubuni?"

Barua zote kumi na moja zikarudishwa. Kikao kingine, baada ya miezi sita.

Alio aliandikia chuo akiomba Nimo angojewe. Alianza na although, akafuta. Akaanza upya, akafuta. Mwishowe akatuma mistari mitatu mikavu. Chuo kikajibu kwa miwili: nafasi imekwisha kupewa mwingine. Wale mbuzi wanne wa Saado walikufa wawili mwezi uliofuata, kwa ugonjwa wa mapafu, na hata daktari wa mifugo hakuweza kumwambia Saado kwamba ni ugonjwa wa mapafu. Alipokutana na Alio njiani hakumwita tena kwa jina. Alimwita Maalim, kama watu baki wanavyomwita.

Mabenchi sita yamebaki mawili. Nimo amepata kazi isiyohitaji kitambulisho, kwenye kibanda cha fotokopi karibu na msikiti, ameivalia vile viatu vyeupe kwa sababu vilikwisha kununuliwa. Msimu wa mtihani unapokaribia, wanafunzi hupanga foleni wakitaka ile karatasi ya viunganishi. Nimo huilaza kwenye kioo, hufunika, hubonyeza, huigeuza.

"Dada, ni pesa ngapi?" wanafunzi humuuliza.

Upande mmoja shilingi tano. Pande mbili shilingi kumi.