Vidonge vya Moyo vya Baba

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile niliyomwambia baba ameze vidonge vya siku zote alizoruka.

Tulikuwa tukiishi huku Nyamache, na kazi ya kuchuma majani chai ilikuwa imetubana. Baba alikuwa mgonjwa wa moyo; kliniki ilimpa propranolol, dawa ya kutuliza mapigo. Wiki ile akaisahau. "Sasa nimeze vipi?" akaniuliza, kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nimemaliza kidato cha nne.

"Meza vyote ulivyoruka, ufidie," nikamjibu. Hata karatasi ya dawa sikuisoma.

Akavimeza asubuhi hiyo. Kabla ya adhuhuri alilegea, mapigo yakawa ya kuhesabika. Alifia njiani tukimpeleka hospitali.

Asubuhi ileile jirani yetu, Nyanya Kemunto, alikuwa amemletea uji wa wimbi. Basi, watu wakasema amemlisha sumu, kwamba ni mchawi. Wakamburuta nje ya nyumba yake, mmoja ameshika kiberiti. Mimi niliyejua habari ya vidonge nilisimama palepale, kimya. Aliyemwokoa ni shangazi yangu. Alimkumbatia yule mzee akapiga kelele, "Mkimchoma, mnichome naye! Ngojeni daktari aseme!"

Mwili ulipasuliwa, damu, mkojo na vilivyokuwa tumboni vikapelekwa maabara ya serikali. Tulingoja wiki nyingi, na muda huo wote Kemunto hakuthubutu kwenda sokoni. Hatimaye daktari akatuita.

"Sumu hatukuipata. Tumepata dawa yake ya moyo, nyingi kuliko mwili unavyoweza kuhimili. Nani alimwambia ameze hivyo?"

"Ni mimi," nikasema.

Nilikwenda kwa Kemunto nikapiga magoti. Aliniuliza jambo moja tu: "Waliponiburuta, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, nyanya."

Alikuja kunisamehe baadaye sana. Siku hiyo alifunga mlango.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Dawa ukiiruka, usiirundike ili ufidie. Rudi ukamuulize aliyekupa. Usilolijua, sema hulijui, hata kama umesoma. Na mtu akisingiziwa nawe unajua ukweli, useme papo hapo, hata kama utakuangukia wewe. Baba alikufa kwa kutojua kwangu. Kemunto nusura afe kwa woga wangu, na huo ndio unaoniuma zaidi.

Mungu akupe ulimi usiochelewa kusema kweli, akuzeeshe ukiwa na amani.