Sala ya Kuku Aliyeibwa

Jirani yangu hapa Mazwi husali kwa sauti huku mikono ikifanya kazi. Akipepeta ulezi humweleza Mungu habari za mgongo wake, akianika nguo humsihi azuie mvua, na mvua ikinyesha huguna, "Haya, Baba, wewe ndiye mwenye mbingu." Juzi kuku wake mtetea aliibwa. Nilitegemea kusikia laana. Badala yake alisimama uani, viganja vimejaa unga, akapaza sauti: "Bwana, mlinde aliyemchukua kuku wangu! Jana nilimnywesha yule kuku dawa ya minyoo. Akimla leo tumbo litamsokota, naye ana watoto wadogo!" Ugali haujaiva, hodi ikapigwa. Alikuwa Leonsi, fundi baiskeli wa nyumba ya tatu, kuku kwapani. "Shikamoo, mama. Nimemkuta anazurura." "Marahaba, mwanangu. Mungu ni mwema." Hakumuuliza alimkuta wapi. Alimpa kigoda, akampakulia ugali na maharage, kisha akamshukuru Mungu kwa kumpa jirani mwaminifu, akimtaja kwa jina tena na tena mpaka chakula kikapoa. Leonsi aliinamisha kichwa, jasho likimtiririka katika baridi ile yote, na "Amina" yake niliisikia mpaka jikoni kwangu.